Huyo Mwoga Ndiye Huyo Mkali

Siku nilipomleta nyumbani Rongai, jirani yangu mstaafu alikuja kunifungulia geti. Ni mtu mwema. Ngazi ninayotumia ni yake, na maji yakikatika mpira wake huvuka ukuta kuja kwangu bila mimi kuomba. Alichungulia ndani ya gari, akamwona mbwa amejibana sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, kilo 38 za mnyama zikitafuta kutoshea mahali pa gunia la viazi. Akatikisa kichwa. "Mwalimu, huyu si mbwa, ni kondoo. Ukubwa wote huo halafu mwoga? Mrudishe, upewe mwingine. Au chukua mtoto umfunze mwenyewe."

Sikubishana naye siku hiyo. Nilikuwa na kazi ya kumtoa mbwa garini, na kazi hiyo ilichukua saa nzima. Lakini tangu hapo nimeyasikia maneno yale yale kwa muuza nyama ninakonunua mifupa, stejini, kanisani, na kwa rafiki zangu wenye shahada mbili mbili. Wote husema kazi ya mbwa ni ukali. Mbwa mkubwa aliye mwoga ameharibika, na aliyekwisha kukua hatengenezeki tena, kwa kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Na kama ni chotara wa kituoni, asiyejulikana baba wala mama, huyo usimguse kabisa. Rai hii imeenea mno hata watu hawaioni tena kuwa ni rai, wanaiona ni busara ya kawaida. Mimi nasema imepotoka tangu mzizi, na upotofu wake unagharimu uhai wa mbwa na wa watu pia.

Tuanze na ukali wenyewe, kwa kuwa ndio unaosifiwa. Pita mtaa wowote wa Nairobi wenye mageti, utakuta kibao cha bati kimeandikwa "Mbwa Kali". Sarufi yake ni mbovu tangu zamani, na hakuna anayejali kwa sababu ujumbe umefika. Sasa ulizia huyo anayetajwa kibaoni anaishije. Mara nyingi yumo ndani ya banda la mbao na mabati nyuma ya nyumba, amefungiwa tangu alfajiri hadi saa tatu usiku. Sufuria yake husukumwa ndani kwa mguu au kwa mpini wa ufagio. Hajatoka nje ya geti tangu aletwe akiwa wa miezi miwili. Pikipiki, watoto wa shule, wauza mboga, wote huwasikia asiwaone. Ukipita karibu anayagonga mabati kwa mwili mzima na kubweka mpaka povu linamtoka, na mwenye nyumba anaridhika.

Mtazame vizuri, kama utapata upenyo. Masikio yamelala nyuma. Mboni zimetanuka. Uzito wake wote uko kwenye miguu ya nyuma: anaruka mbele hatua moja, anarudi mbili. Huyo anaogopa. Wanaosomea tabia za wanyama wamelisema hili miaka mingi, kwamba hofu ni miongoni mwa sababu kubwa zinazomfanya mbwa aume. Mnyama aliyetishika ana njia chache tu. Hukimbia, huganda, au hushambulia. Mnyororo na ukuta humfungia njia ya kwanza. Ya pili, kama haimwondoi anayemtisha, huiacha. Hubaki ya tatu, na hiyo humfanikia kila siku: anabweka, mpita njia anapita. Yule mtu angepita tu, alikuwa anaelekea dukani, lakini mbwa hajui hilo. Anajua kwamba alibweka na tishio likaondoka. Kesho ataanza mapema zaidi na kwa nguvu zaidi.

Basi yule tunayemsifu getini na yule tunayemcheka kituoni ni mnyama mmoja. Kilichowatenganisha ni nafasi ya kukimbia. Mbwa niliyemleta alikuwa amechagua kuganda. Angekaa miezi sita nyuma ya mabati, huku watoto wa mtaa wakimchokoa kwa vijiti, angechagua kuuma, na wale wale waliomwita kondoo wangempongeza mwenye mbwa. Wapo wanaotia pilipili kwenye ugali wa mbwa wakiamini inampa hasira. Wapo wanaompiga ili "achangamke". Nawaambia kwa moyo wangu wote: mnatengeneza hatari kwa mikono yenu, ndani ya boma lenu, mahali wanapocheza watoto wenu. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa, 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa aliyejengwa kwa hofu akivunja banda, wa kwanza kumkuta mara nyingi si mwizi.

Na ulinzi je? Swali la haki. Rongai wezi wapo. Lakini kinachomfukuza mwizi ni kelele na kimo, na kelele ina maana pale tu inapotoka kwa sababu. Mbwa anayebwekea kila boda boda usiku kucha hamwamshi mtu yeyote. Wenyewe walishazoea, na mwizi naye anajua wamezoea. Mwezi wake wa tatu kwangu, mbwa wangu alibweka kwa mara ya kwanza tangu aje, saa nane usiku, mara moja, sauti nzito ya kutoka kifuani. Niliketi kitandani kabla sijajua nimeamka. Kulikuwa na mtu kando ya ukuta, na akaondoka.

Nilimkuta kwenye kituo kimoja cha kuokoa wanyama viungani mwa jiji. Upande wa mbele kulikuwa na watoto wa mbwa wanaogombewa na familia tatu. Yeye alikuwa banda la mwisho. Rangi ya majani makavu, kifua cheupe, sikio moja limesimama na jingine limeanguka, miguu minene ya shepadi wa Kijerumani na mkia uliojikunja wa mbwa wa kienyeji. Uso ameuelekeza ukutani. Kituoni walikuwa wamemwandika Simba kwa ajili ya rangi. Nilipochuchumaa mlangoni hakugeuka. Ngozi ya mgongo wake ilitetemeka kama ya ng'ombe anayefukuza nzi, na mkojo ukaanza kutiririka polepole chini yake kuelekea mfereji. Mhudumu alisema yuko pale miezi saba. Watu huja, husifu ukubwa wake, humwita, hageuki, huhamia banda jingine.

Huko ndiko hukumu ya "mwoga" inakotolewa, na ni mahali pabaya kuliko pote pa kuitoa. Mwaka 1997 Michael Hennessy na wenzake huko Ohio, Marekani, walipima kotisoli, homoni ya mfadhaiko, katika damu ya mbwa waliokuwa kituoni. Siku zao za kwanza walikuwa nayo takriban mara tatu ya mbwa wa majumbani. Zege, mwangwi, harufu ya wageni wengi, mbwa 60 wakilia kwa pamoja: mnyama yupi atakuonyesha tabia yake hapo? Ni kama kupima ucheshi wa mtu akiwa wodi ya majeruhi. Mwaka 2019 Lisa Gunter na wenzake walifanya jambo jepesi. Walichukua mbwa 207 kutoka vituo vitano vya Marekani, wakawalaza kwenye nyumba za watu usiku mmoja au miwili, wakapima homoni ile ile kwenye mkojo. Ilishuka. Mbwa waliporudi kituoni ilipanda tena ilipokuwa, haikuzidi hapo. Nawaambia hili hasa wale wanaosema kumchukua mbwa kwa muda ni kumtesa mara mbili. Hesabu inakataa. Anayelea kwa muda humpa mbwa mapumziko, na humpa kituo habari ambayo kituo hakiwezi kuipata chenyewe: huyu mnyama ni nani akilala usingizi.

Sasa methali. Samaki mkunje angali mbichi. Siidharau, mimi mwenyewe nimeiandika ubaoni darasani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Tena ina ushahidi. Mwaka 1961 watafiti Freedman, King na Elliot waliwalea watoto wa mbwa uwanjani bila kuguswa na mtu. Waliofikishwa wiki 14 kabla ya kukutana na binadamu walibaki na hofu kubwa. Scott na Fuller, katika kazi yao iliyochapishwa mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 mtoto wa mbwa hujifunza nani ni mwenzake na nani si mwenzake. Kisha kuna urithi. Dmitry Belyaev alianza mwaka 1959 kule Novosibirsk kuchagua mbweha watulivu kizazi baada ya kizazi, na kazi yake ilituonyesha kwamba hofu na upole vinaweza kuzaliwa na mnyama. Sitaficha hayo ili nishinde malumbano. Mbwa aliyekosa wiki zile hatakuwa kama aliyezipata.

Lakini methali inazungumzia umbo, wala haisemi samaki aliyekauka atupwe. Mwezi wa Aprili 2007, Surry County, Virginia, polisi walikuta mbwa wa kupiganishwa kwenye shamba la Michael Vick, nyota wa kandanda ya Kimarekani. Walichukuliwa zaidi ya 50, wa aina ya pitibuli. Rai iliyotawala wakati huo, hata miongoni mwa mashirika makubwa ya kutetea wanyama, ilikuwa kwamba wauawe wote, kwani hakuna kitu kinachoweza kuokolewa hapo. Mahakama ikaamuru kila mmoja apimwe peke yake. Kati ya 49 waliopimwa, mmoja tu aliuawa kwa sababu ya ukali. Wengi wa waliobaki hawakuwa wakali hata kidogo. Walikuwa wamelala kifudifudi, wamejibandika sakafuni, wanatetemeka. Ishirini na wawili walipelekwa kwenye hifadhi iliyoko Kanab, Utah, wengine wakatawanywa kwa walezi wa muda, na miaka iliyofuata wapo walioishia kutembelea wagonjwa hospitalini. Na hao ni mbwa waliofugwa kwa ajili ya kupiganishwa.

Huo ni mkasa mmoja, na mkasa mmoja hauthibitishi mengi. Ndiyo maana nauthamini zaidi utafiti wa ASPCA, shirika lililoanzishwa New York mwaka 1866, ambalo lina kituo cha mbwa wenye woga uliokithiri huko Weaverville, North Carolina. Mwaka 2022 walichapisha matokeo ya mbwa 441. Hawa ni wale ambao mtu akiingia chumbani huganda au hujisaidia. Takriban 86 katika kila 100 walimaliza mafunzo wakaweza kuishi nyumbani kwa watu. Njia yao haina miujiza: chakula kitamu, hatua ndogo, dawa za wasiwasi pale daktari anapoona inafaa, na mbwa wengine wasio na woga wa kuwaonyesha njia.

Hilo la mwisho nililijua kabla ya kulisoma, na kwa mkono wa mtu aliyekuwa akinipinga.

Wiki ya kwanza Simba aliishi nyuma ya kochi. Nilikuwa nikiweka sufuria ya ugali na omena hatua tatu kutoka kwake, nazima taa, natoka. Asubuhi imelambwa. Siku ya tano nilikaa chumba kile kile, nimempa mgongo, nikisahihisha insha za Kidato cha Pili kwa sauti ya chini. Kumpa mgongo ni muhimu; kwa mbwa mwenye hofu, uso unaomkodolea na mkono unaomnyookea kichwani ni vitisho viwili vikubwa. Siku ya kumi na moja nilisikia kucha zikigusa saruji, nikanyamaza. Pumzi ya moto ikafika kwenye kisigino changu. Alininusa soksi kama mtu anayesoma barua. Sikugeuka, ingawa nilitamani mno kugeuka. Nikaangusha kipande cha ini kando ya mguu, nikaendelea kusoma insha.

Kisha jirani yangu akaanza kumleta mbwa wake, jike mzee wa kienyeji mwenye mdomo uliojaa mvi. Yeye alidai anamleta apate kivuli. Yule jike aliingia, akalala katikati ya uwanja kama mwenye nyumba, akanijia akaegemeza kichwa gotini kwangu. Simba aliyatazama hayo yote kutoka mlangoni. Siku ya tatu alimfuata hadi kwenye mwembe. Ya nne alikula akiwa ametuelekezea ubavu badala ya uso. Mimi nilitumia majuma kumweleza kwamba mkono wa mtu unaweza kuwa mwema. Yule bikizee alimweleza kwa alasiri chache.

Tulianguka pia. Siku ya ishirini na tatu fundi wa maji aliacha geti wazi, na kosa lilikuwa langu kwa kutomfungia mbwa ndani kwanza. Alitoka kama mshale. Watu wema wakaanza kumkimbiza huku wakimwita, na kila aliyemkimbiza alimsukuma mbali zaidi. Mbwa wa aina hii akipotea hakimbizwi. Unaacha geti wazi, unaweka sufuria yake na nguo yenye harufu yako, unawaomba watu wakae kimya. Alirudi usiku wa pili, saa kumi alfajiri, miguu imechanika, akiwa amefuatana na yule jike. Tangu siku hiyo hakutoka bila kamba mbili, moja kwenye kola na nyingine kwenye mkanda wa kifuani, kwa kuwa mbwa akirudi nyuma kwa hofu kichwa hutoka kwenye kola kirahisi. Anayetaka kulea mbwa wa namna hii alijue hilo kabla ya mambo yote mengine.

Kuhusu uchotara nitasema kwa kifupi, kwa sababu hoja yenyewe ni nyepesi. Watu hulipa pesa nyingi kwa karatasi ya ukoo wakiamini wananunua tabia. Mwaka 2022 Kathleen Morrill, Elinor Karlsson na wenzao walichapisha uchunguzi wa mbwa zaidi ya 18,000, wa ukoo safi na chotara, zaidi ya 2,000 wakiwa wamesomwa vinasaba. Aina ya mbwa ilieleza takriban sehemu 9 tu katika 100 za tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Zilizobaki ziko kwa mbwa mwenyewe na maisha yake. Hata kubahatisha ukoo kwa macho hatuwezi. Mwaka 2009 Victoria Voith aliwapima vinasaba mbwa 20 waliokwisha kupachikwa aina na vituo, na vituo vilikuwa vimekosea kwa wengi wao. Chotara aliyekwisha kukua ana heri moja ambayo mtoto mwenye karatasi hana: unachokiona ndicho alicho. Kimo chake kimefika. Nilijua siku ya kwanza kwamba ni kilo 38 na anaogopa fagio.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba KSPCA, chama kikongwe cha kutetea wanyama hapa Kenya, chanzo chake ni mwaka 1910, enzi za ukoloni. Lakini kumwelewa mbwa hakukuja na meli. Nenda msitu wa Ituri, Kongo, ambako Kiswahili kinazungumzwa, uwaone Wambuti wakiwinda na mbwa wao wasiobweka, kengele ya mti shingoni ili wasipotee vichakani. Mwindaji yule anamjua mbwa wake mmoja mmoja, yupi hutangulia na yupi husita. Kilicho kigeni kwetu ni kile kibanda cha mabati.

Na wenzangu Waislamu wa pwani, wengi wao Shafii, wana hukumu yao: mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sina la kubishana hapo, na sitamwambia mtu amlaze mbwa kitandani. Ila dini hiyo hiyo inaruhusu mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa kulinda. Inasimulia pia habari ya mtu aliyeteka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Mbwa mwoga anaweza kulelewa uani, penye kivuli, maji safi na mtu wa kuketi karibu naye. Kutomgusa hakujawahi kumaanisha kumtesa.

Limebaki pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Dada mmoja aliniambia mbele ya watu, baada ya ibada: "Mwalimu, kuna watoto wanalala njaa hapa Rongai, na wewe unampikia mbwa ini." Nilinyamaza, kwa sababu alisema kweli kuhusu watoto. Baadaye ndipo nilipopata jibu langu, na jibu langu ni wale watoto.

Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Hapa Kenya, ambako ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mbwa mwaka 1912, makadirio ni watu 2,000 kwa mwaka. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa karibu hakika atakufa. Kenya imejiwekea mwaka 2030 uwe mwisho wa vifo hivi, na njia inajulikana: kuchanja mbwa 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Sasa nenda siku ya chanjo uone inavyokwenda. Watoto huja na mbwa kwa kamba za katani na vipande vya leso. Wanaochanjwa ni wale wanaoshikika. Mbwa asiyeshikika hubaki nyuma ya nyumba, au vichakani, na kila kampeni humruka yeye yule. Na nani asiyeshikika? Ni yule tuliyemfungia na kumpiga ili awe mkali, na yule tuliyemfukuza kwa kuwa ni mwoga. Mbwa aliyefundishwa kwamba mkono wa mtu hauumizi ni mbwa anayeweza kudungwa sindano. Simba alichanjwa na kuhasiwa akiwa amelaza kidevu kwenye kiganja changu, daktari akashangaa kwamba ndiye yule aliyeandikwa "haguswi" kwenye kadi ya kituo. Ini lile nilinunua kwa shilingi 50. Sijui njia ya bei nafuu zaidi ya kumlinda mtoto wa jirani.

Simba alikaa kwangu kwa malezi ya muda, miezi mitano. Alichukuliwa na mama mmoja wa Kiserian, mjane, watoto wake wamekwisha kuondoka, ana uwanja mpana na subira kubwa. Alikuja mara sita kabla ya kumchukua, kila mara akiketi kimya chini ya mwembe na sweta lake nyasini. Simba bado huondoka chumbani mtu akishika ufagio. Pikipiki ikipita hujificha. Hayo pengine hayataisha, na mama yule anayajua na hakuyaona kuwa sababu ya kumwacha. Jirani yangu naye hajabadili kauli. Huniambia hadi leo kwamba nilikuwa na kondoo. Lakini alisimama getini siku ile gari lilipoondoka, na jike wake mzee aliendelea kuja kutafuta chini ya mwembe kwa zaidi ya wiki.

Jumamosi iliyopita nilirudi kituoni kupeleka magunia ya zamani ya kulalia. Banda la mwisho lina jike mweusi sasa, mkubwa kumzidi Simba, mbavu zinahesabika, uso ukutani. Baba mmoja alikuwa amesimama pale na wanawe wawili. Alisoma kadi, akaita mara mbili, akapiga wavu kwa funguo za gari. Yule jike akajikunja zaidi. "Huyu mwoga," akawaambia watoto, "twendeni kule mbele."

Nilingoja mpaka waondoke, nikaketi chini kwa kumpa mgongo, nikamwomba mhudumu afungue mlango.